Maneno juu ya mfuko wa unga: yale Tshibumba alinifundisha nikiwa nimechelewa

 

Hapa kwenye ukurasa wetu tunapenda kuandika juu ya kazi, ndoa, deni na visa. Leo mniruhusu niandike juu ya tablo. Zaidi ya picha yenyewe, nataka tuangalie maneno ambayo wachoraji wa kwetu wanaandika juu ya tablo. Na nitawaambia siku nilipoyasahihisha maneno hayo mbele ya watu, na hasara niliyopata.

Niko Kasomeno, kwenye barabara inayotoka Lubumbashi kwenda upande wa Kasenga na Pweto. Ndiko kwa nkambo yangu, baba wa mama. Ukutani mwa salo yake kulikuwa na vitu vitatu: kalenda ya parokia, saa iliyosimama, na tablo moja iliyochorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Wengi wenu mnaijua tablo ya namna hiyo, hata kama hii hamkuiona. Ni kiwanja cha gereza. Mfungwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa. Askari mweusi ameinua fimbo. Pembeni kuna mzungu mwenye kofia, kiko mdomoni, anaangalia tu. Bendera ya Ubelgiji iko juu ya mlingoti. Wanawake wameleta chakula, wanangoja. Na chini, kwa herufi kubwa: COLONI BELGE 1885-1959.

Nilikuwa G1, likizo yangu ya kwanza tangu niingie univasite. Siku hiyo nkambo alikuwa na wageni wawili, wachuuzi wa samaki waliotoka Kasenga. Mmoja wao aliangalia tablo, akauliza: "Muzee, ile njo nini?" Nkambo akasogeza kiti, akakohoa kidogo kama mtu anayejitayarisha kwa mambo marefu. Mimi nikamtangulia. Nikasimama, nikaonyesha kwa kidole. Nikasema tablo ina makosa matatu. La kwanza, neno "Colonie" linaishia na herufi e. La pili, mwaka wa 1885 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili, na Ubelgiji iliichukua mwaka 1908. La tatu, uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, si 1959.

Wageni wakacheka, wakapiga makofi. "Muzee, uko na profesere mu nyumba!" Nkambo naye akacheka. Akasema: "Vizuri, mutoto. Weye njo unajua." Kisha akaanza kuuliza bei ya samaki. Mambo ya tablo hayakuzungumzwa tena siku ile.

Nilirudi Lubumbashi juu ya lori nikijisikia mtu mkubwa.

Sasa niwaambie habari za Tshibumba, maana yeye ndiye aliyenifanya nirudi kwenye salo ile kichwani mwangu, na kuona haya.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, yaani hapa Lubumbashi kabla jina halijabadilishwa. Alikuwa mchoraji wa mitaani. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akauza tablo zake kwa watu wa kawaida, watu wa migodi, makarani, watu wenye salo ndogo kama ya nkambo. Hakuwa mtu wa univasite. Mwisho wa mwaka 1973, huko Kolwezi, alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha kwenye kampasi ya Lubumbashi. Wengine walikuwa wakimletea Fabian tablo moja moja. Tshibumba alimwambia kwamba anataka kuchora historia yote ya nchi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alifanya hivyo: tablo 101, tangu nyakati za bankambo kabla ya wazungu hadi Zaire ya siku zake, na nyingine zikatazama mbele, kwenye mambo ambayo hayajatokea. Na alipoleta tablo, aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha Shaba, huku kaseti ikizunguka. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye tablo zote na mazungumzo yale. Tablo zenyewe ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023.

Mimi nilizijua nikiwa mwaka wa mwisho. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na kurasa chache za fotokopi ya kitabu hicho, fotokopi ya fotokopi, nyeusi na nyeupe. Nyuso za watu zilikuwa zimegeuka madoa, hujui nani ni askari na nani ni mfungwa. Lakini maneno yalisomeka. Tarehe, majina ya miji, jina la kampuni, na pembeni saini yake. Nilishangaa: rangi ilikuwa imekufa njiani, lakini maneno yalifika. Nikafikiri huenda ndiyo sababu mmoja ya kuandika juu ya picha.

Nikaona pia tablo ya gereza. Ile ile. Na tarehe zile zile: 1885-1959. Tshibumba aliichora mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali, na wachoraji wengine nao walichora za namna hiyo. Basi aliyeandika tarehe ya nkambo hakuwa mtu mmoja aliyelala darasani. Katika kazi ya Tshibumba tarehe hizo zinarudi tena na tena. Mtu akirudia kosa lile lile namna hiyo, inafaa umuulize anataka kusema nini.

Nilikaa na swali hilo. Haya ndiyo ninayoyaona leo, na ni usomaji wangu mimi.

Kwa mtu anayelala chini ya fimbo, 1908 haina maana. Mkataba ulisainiwa Ulaya, Léopold akatoka, Ubelgiji ikaingia. Fimbo ilibaki ile ile, kodi ikabaki, na mzungu mwenye kiko akabaki pembeni. Sisi watu wa masomo tunakata historia pale ambapo makaratasi yanabadilika. Tshibumba anaikata pale ambapo mgongo unasikia tofauti. Ndiyo maana anaanza 1885 na hasimami 1908. Na 1959? Tarehe 4 Januari mwaka ule watu wa Léopoldville waliinuka, na siku tisa baadaye mfalme Baudouin akasema hadharani kwamba Kongo itapata uhuru. Baada ya hapo mzungu alibaki kwenye ofisi yake mwaka mmoja na nusu zaidi, lakini woga ulikuwa umeanza kutoka kwa watu. Ukichora koloni kama sherehe za bendera, utaandika 1960. Ukiichora kama woga, 1959 ni tarehe nzuri kabisa.

Sisemi kwamba tarehe za darasani ni bure. Ukiandika 1885-1959 kwenye mtihani utapata sifuri, na ni haki. Ninasema kwamba tablo ile ilikuwa inajibu swali lingine, na mimi sikuuliza ni swali gani. Nilipima jibu bila kujua swali.

Tablo nyingine ambayo siwezi kuisahau ni ile ya kifo cha Lumumba. Mnajua jambo lenyewe lilitokea wapi. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa hapa kwetu kwa ndege, wakauawa usiku ule ule porini, si mbali na jiji. Tshibumba amechora miili imelala. Nyuma kuna misalaba mitatu, kama ya Golgota. Na damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inatiririka chini na kuandika neno moja: Unité. Umoja.

Tusimame hapo kidogo. Kwenye tablo nyingine maneno yako juu ya picha, kama kibao juu ya duka. Hapa neno limetoka ndani ya picha. Marehemu mwenyewe ndiye anayeandika, na wino wake ni damu. Mimi sijui sentensi ya mwandishi yeyote wa kwetu iliyosema mengi hivyo kwa neno moja.

Lakini tuwe wakali pia, maana kumpenda msanii si kufunga macho. Tablo hii ni ya miaka ya Mobutu. Mobutu alikuwa amekwisha kumtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, na neno "umoja" lilikuwa kwenye kila hotuba ya MPR. Basi neno lile ni la nani? Ni la Lumumba, au ni la serikali iliyojivika nguo zake? Nadhani ni yote mawili, na Tshibumba alijua. Kwa upande wa serikali neno lile halikuwa na hatari. Kwa upande wa majirani lilikuwa na uzito mwingine. Hapa ni Katanga, mahali palipojitenga Julai 1960 hadi Januari 1963, mahali ambapo wapo waliomlilia Lumumba na wapo ambao hawakumlilia. Kuandika Unité kwa damu, kisha kuining'iniza katika salo ya mtu wa Shaba, ni kuleta ugomvi ndani ya nyumba. Au ni kuleta mazungumzo ambayo nyumba ilikuwa inayakwepa. Neno moja, na kila mgeni atakuwa na la kusema.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Watu wa wakati ule walikuwa na jina la kazi ya tablo hizi: ukumbusho. Walinunua ya mamba muntu, walinunua ya kijiji cha bankambo, walinunua ya gereza. Haikuwa pambo tu. Mgeni anaingia, anakaa, anaangalia, anauliza, na mwenye nyumba anaanza. Maneno yaliyoandikwa ni machache kwa makusudi. Hayamalizi habari. Yanamfungulia mwenye nyumba mdomo.

Ndicho nilichomnyima nkambo siku ile. Mgeni alikuwa ameuliza swali sahihi. Nkambo alikuwa amesogeza kiti.

Baada ya kusoma zile fotokopi niliapa nitarudi Kasomeno na kumuuliza. Lakini mnajua maisha ya mtu wa mwaka wa mwisho. Memwari, kutafuta franga za kulipia, kisha kutafuta kazi, kisha kutoipata. Nilikuwa nikisema: Pasaka. Kisha nikasema: Noeli. Mwaka jana simu ya yomba ikaita saa kumi na moja alfajiri, na simu ya saa ile mnajua inaleta nini.

Siku za kilio zilipokwisha, nilikaa salo na nkambo mwanamke. Tablo bado ilikuwa pale, mchwa wameanza kula mbao za pembeni. Nikamuuliza kile ambacho ningemuuliza mumewe.

Akasema: "Ule analala chini njo baba yake."

Nikanyamaza.

"Alikuwa anasemaka hivyo ku kila mugeni. Hakumuambiaka muchoraji, apana. Alinunua tu mu soko. Lakini akifika nayo hapa akasema: huyu njo baba."

Nikamuuliza alipigwa kwa sababu gani. Akafikiri muda mrefu.

"Ile mambo yote mi sikusikia muzuri. Banaume banaongea mu salo, mi niko jikoni napika bukari. Nilisikia mambo ya kodi. Nikasikia jina ya mutu moya wa kijiji alimusemea ku bakubwa. Ile jina nimesahau. Tena mambo ya samaki ya Luapula. Paka ile."

Na 1959?

"Alisemaka: ku mwaka ile habakupiga tena mutu hapa. Alikuwa kijana. Njo sababu alipenda ile tablo, juu ya ile mwaka."

Bandugu, ndicho nilicho nacho. Kodi, samaki, mtu mmoja aliyemchongea, jina limepotea. Nusu ya habari ya baba wa nkambo yangu iliishia jikoni kwa sababu mwanamke alikuwa anapika, na nusu nyingine iliishia siku niliposimama na kidole changu. Kosa la tatu nililolisahihisha ndilo lililokuwa sababu ya kununua tablo.

Basi hapa nimetoa masomo manne, mnipime.

Somo la kwanza: uliza kabla ya kusahihisha. Elimu yetu imetufundisha kutafuta kosa. Tunapokea TFC ya mwenzetu, tunatafuta herufi iliyokosekana. Mzazi anatuma ujumbe wa simu, tunacheka Kifaransa chake. Tshibumba aliandika Kifaransa chenye makosa ya herufi kwenye tablo nyingi, na wasomi wa dunia leo wanasoma makosa yale kwa heshima. Sisi watoto wa hapa ndio tungekuwa wa kwanza kuyacheka. Ukikutana na andiko la mtu asiyesoma sana, jiulize kwanza: huyu amebeba nini hadi akashika brashi katika lugha isiyo yake?

Somo la pili: anza na ulicho nacho, kisha maliza. Wengi hapa tuna kitabu ndani ya kichwa. Tunangoja kompyuta, tunangoja umeme, tunangoja Kifaransa chetu kiwe kama cha Paris. Yule bwana alikuwa na mfuko wa unga, rangi kidogo, na watoto wa kulisha. Lakini msisikie vibaya. Sisemi kwamba inatosha kuwa na moyo tu. Angalieni kazi yenyewe: tablo 101 kwa mpangilio, kutoka mwanzo hadi mwisho, katika mwaka mmoja hivi. Alijiita mwanahistoria bila kungoja mtu ampe diploma, ndiyo, lakini alilipa bei ya jina hilo kwa kufanya kazi yote. Siku hizi tunajipa majina kwanza, mshauri, mtaalamu, mkurugenzi, na kazi tunaiacha kwa kesho. Yeye aliweka saini pembeni ya kila tablo. Ukiweka jina lako chini ya tarehe iliyobishaniwa, umekubali kuulizwa. Hiyo ndiyo maana ya saini.

Somo la tatu: maneno ya ukutani hayatoshi bila sauti. Hapa nitamlinganisha na Chéri Samba, ambaye wengi mnamjua. Alizaliwa mwaka 1956 Bas-Congo, akaingia Kinshasa mwaka 1972, akaanza na vibao vya matangazo. Katika miaka ile ile ya 1970 naye alianza kuandika juu ya tablo zake, na amewahi kueleza sababu: wapita njia walikuwa wanatupa jicho na kuendelea, ukiweka maneno, wanasimama kusoma. Ni akili ya mji mkubwa. Maneno yake ni mengi, ya Kifaransa na ya Lingala, yana utani, yanakupeleka hadi mwisho bila mtu wa kukueleza. Ndiyo maana mwaka 1989 yaliweza kusimama peke yake kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Magiciens de la terre, mbele ya watu ambao hawajui Matonge ni wapi. Tshibumba ni tofauti. Maneno yake ni machache, yanategemea salo, yanategemea mwenye nyumba. Kaseti ya Fabian isingekuwapo, tungebaki na tarehe na majina, na mtu kama mimi angesimama kuyasahihisha.

Na tuone jambo la lugha. Juu ya kitambaa aliandika Kifaransa, lugha ya ofisi na ya kibao. Kwa mdomo alieleza Kiswahili. Heshima aliitafuta katika lugha moja, na ukweli akauweka katika nyingine. Sisi hatuko mbali na hapo: memwari tumeandika Kifaransa, machozi tunalia Kiswahili. Lakini kuna waliothubutu kuandika Kiswahili chetu hapa hapa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya jiji kwa niaba ya chama cha waliowahi kuwa maboi wa wazungu, wapishi na wafuaji. Kichwa kina Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga, kama watu wanavyokisema. Hakikuwa na profesa wa kukisahihisha, na leo maprofesa wanakisoma.

Somo la nne ni lile ambalo hatutakiwi kujifunza. Nimeona watu wakitumia maisha ya wasanii maskini kutuhubiria: umaskini si kizuizi, vumilia, dunia itakuona. Ninakataa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilikatika. Mtu aliyechora historia ya nchi nzima, nchi haikuandika historia ya siku zake za mwisho. Tablo zake ziko Amsterdam, zimetunzwa vizuri, nashukuru. Lakini mtoto wa Kamalondo au wa Katuba anayetaka kusimama mbele ya damu ile iandikayo Unité anahitaji visa. Sehemu moja ya urithi wake imerudi kwa njia nyingine. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, na wenzake walianzisha Picha na maonyesho ya kila miaka miwili tangu 2008, na Baloji mwenyewe alishiriki kuandaa maonyesho ya tablo za namna hii huko Brussels mwaka 2016. Ni jambo zuri. Lakini hata hapo, Brussels iliziona pamoja kabla ya Kasomeno. Basi usimwambie kijana avumilie kama Tshibumba. Mwambie amlipe mchoraji wa mtaa wake, aandike jina lake nyuma ya tablo, na tarehe, na kile alichosema alipoiuza.

Mnaweza kuniambia: wewe unafanya tablo ya soko kuwa shule. Pengine. Mchoraji aliyeuza tablo ya nkambo huenda alitafuta franga za unga tu, akanakili tarehe alizoziona kwa mwenzake. Nakubali. Lakini maana ya maneno haibaki kwa aliyeyaandika. Nkambo aliyanunua, akayatia jina la baba yake, akayatunza zaidi ya miaka thelathini. Mchoraji alileta mwaka 1959. Nkambo ndiye aliyeujaza.

Kabla sijarudi Lubumbashi, nimeomba ruhusa ya nkambo mwanamke, nikaishusha tablo, nikakung'uta mchwa, nikabadilisha mbao za pembeni. Herufi e sikuiongeza. Nyuma yake nimeandika kwa biki yale aliyoniambia, kwa Kiswahili chake, bila kunyoosha sentensi: kodi, samaki ya Luapula, mtu aliyemchongea, jina limesahauliwa, mwaka fimbo iliisha. Nikaweka tarehe na saini yangu. Kisha nikairudisha ukutani.

Mtakaokwenda kijijini likizo hii, ombi langu ni dogo. Tafuteni kitu kimoja ukutani kilichoandikwa, picha, kalenda, diploma ya zamani, kibao cha kazi. Muulizeni mwenye nyumba, "Ile njo nini?" Washeni simu irekodi, kwa ruhusa yake. Kisha kaeni kimya. Na aliye jikoni, mwiteni naye aje akae.